Makala, Gunia na Rangi ya Baiskeli

Mwaka 1950, mwanajiolojia wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alikuwa akichimba Ishango, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndani ya hifadhi inayoitwa leo Virunga, Kivu Kaskazini. Kati ya vitu alivyovitoa ardhini kulikuwa na mfupa mdogo wenye urefu wa sentimita 10 hivi, uliochanjwa mistari iliyopangwa kwa mafungu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Tangu wakati huo wataalamu wamebishana juu ya zile chanjo: wapo wanaoona hesabu, wapo wanaoona kalenda ya mwezi, wapo wanaosema zilichanjwa ili mkono usiteleze. Ubishi huo umefunika jambo lililo wazi zaidi. Kwenye ncha ya mfupa kumepachikwa kipande cha kwatzi, jiwe gumu lenye uwezo wa kukwaruza mti, ngozi na mfupa mwingine. Hata maana ya mistari ikibaki fumbo, mtu aliyekitengeneza kifaa hiki aliyapima mawe, akaliacha laini, akalichukua gumu, kisha akalitafutia mpini unaokaa vizuri kwenye vidole. Alichagua. Mfupa wenyewe uko Brussels, katika taasisi ya sayansi asilia, mbali sana na wanafunzi wa Goma ambao ungewafaa kama somo la kwanza.

Historia ya uchoraji wa mashariki ya Kongo huwa inasimuliwa kama historia ya kupokea. Inasemekana kwamba karatasi ilikuja, sanduku la rangi likaja, mwalimu akaja, na mchoraji wa Kiafrika akazaliwa siku hiyo. Masimulizi hayo yana tarehe na majina ya kweli, lakini yameuweka mwanzo mahali pasipo pake. Ukifuatilia vifaa vyenyewe, yaani kilichopakwa, kilichopakiwa na kilichoshika rangi isidondoke, unakuta kwamba wachoraji wa ukanda huu waliofika mbali walichukua vitu kutoka kwenye biashara ya kila siku ya mahali walipoishi, wakavijaribu mpaka wakajua tabia zake, kisha wakavitolea sanaa. Vya kupewa vilikuja na kuondoka pamoja na mtoaji. Na kwa mji kama Goma, ambao maisha yake yote ya jikoni yanategemea makaa, au makala kama wenyewe wanavyosema, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kifaa kikongwe kuliko vyote vya uchoraji kinauzwa kila pembe ya mtaa kwa kopo na kwa gunia.

Ushahidi wa kwanza uko kaskazini ya Kivu, katika msitu wa Ituri. Wambuti hutengeneza nguo za magome. Wanaume huvua gome la ndani la miti, hasa ya jamii ya mtini, wakaliloweka na kulitwanga kwa nyundo mpaka linalainika na kupanuka kama kitambaa. Kisha kazi inahamia kwa wanawake, ambao huchora juu yake kwa vidole, kwa vijiti na kwa vikonyo vya mimea. Rangi yao nyeusi inatoka kwenye maji ya tunda la jamii ya gadenia yaliyochanganywa na makaa. Mchanganyiko huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Maji ya tunda yanaanza yakiwa mepesi, hayaonekani vizuri, na hukolea weusi baadaye yanapokutana na hewa na kuingia kwenye nyuzi. Makaa yanaonekana papo hapo, lakini yakiwa peke yake hupukutika nguo inapokunjwa. Mchoraji aliyeviunganisha anauona mstari wake anapouvuta, na anao hata baada ya nguo kuvaliwa. Hiyo ni kemia iliyojaribiwa kwa vizazi, na haikumngoja mtu aje na sanduku. Ng'ambo ya pili, upande wa mashariki wa Rwanda, wanawake wa Gisaka walikuwa wakitengeneza imigongo kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, wakainua mistari ya pembe kali juu ya ukuta au ubao, wakaipaka nyeupe ya udongo wa kaolini, nyekundu ya udongo wa chuma, na nyeusi iliyotokana na utomvu wa mshubiri na majivu ya maganda ya ndizi. Msitu una gome na tunda, nyanda za malisho zina ng'ombe na migomba. Kila upande ulichora kwa kile ulichokuwa nacho kwa wingi, na kila upande uliikuta nyeusi yake ndani ya moto.

Tukiwa na picha hiyo akilini, kisa maarufu cha Bukama kinasomeka vingine. Mwaka 1926, Georges Thiry, afisa wa utawala wa kikoloni, aliona huko Bukama, Katanga, kuta za nyumba zilizochorwa, akamtafuta mchoraji. Alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, na mkewe Antoinette Lubaki naye akachora. Baadaye Thiry alifanya vivyo hivyo Kasai kwa fundi cherehani aitwaye Tshyela Ntendu, anayejulikana zaidi kama Djilatendo. Kupitia Gaston-Denys Périer, afisa wa Wizara ya Makoloni ya Ubelgiji, picha hizo zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, kisha Geneva na Paris. Vitabu vingi huanzia hapa. Lakini angalia mpangilio wa matukio: kuta zilikuwa zimeshachorwa, tena vizuri kiasi cha kumsimamisha afisa aliyekuwa na shughuli nyingine. Karatasi haikumfundisha Lubaki kuchora. Ilibadilisha kitu kimoja tu, nacho ni kikubwa: picha ikaweza kusafiri. Ukuta wa udongo unakaa na wenyewe, unanyeshewa, unapakwa upya msimu mwingine. Karatasi inakunjwa, inatiwa kwenye bahasha, inapanda meli. Ndiyo maana leo kazi za Lubaki zinatazamwa Ulaya, na ndiyo maana pia tunalijua jina lake. Karatasi ilimpa umaarufu na ikawanyima majirani zake picha. Tena ilipokoma kuletwa, picha nazo zilikoma. Baada ya miaka michache ya maonyesho, Lubaki na Djilatendo walipotea kwenye kumbukumbu za maandishi, kwa kuwa mkondo wa vifaa na soko vyote viwili vilikuwa mikononi mwa watu wengine.

Shule zilizofuata zilikuwa na ukarimu zaidi, ila udhaifu ulikuwa uleule. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya Hangar huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, akawapa vijana karatasi na rangi na kuwataka wasiige Ulaya. Pili Pili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela walitoka hapo. Bela aliiacha brashi kabisa, akawa anapaka kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta, na Mwenze akajenga maumbo yake kwa mistari midogo iliyopangwa kama ususi. Hayo yalikuwa machaguo yao wenyewe, na ndiyo yanayowatambulisha mpaka leo. Mwanzilishi alipofariki mwaka 1954 karakana haikuendelea kama ilivyokuwa, na wachoraji wake wakaingia katika chuo cha sanaa alichokianzisha Laurent Moonens mwaka 1951. Upande wa magharibi, Shule ya Saint-Luc iliyoanzishwa mwaka 1943 na Bruda Marc-Stanislas huko Gombe-Matadi ilihamia mji mkuu na kuwa Akademia ya Sanaa. Sisemi vyuo hivyo havikuwa na faida. Vilitoa mafundi hodari. Lakini mwanafunzi anayehitimu akiwa amezoea karatasi nzito na rangi za tyubu kutoka ng'ambo anatoka na mkono uliofundishwa kufanya kazi na vitu asivyoweza kuvipata anakokwenda kuishi.

Waliolitatua tatizo hilo walitoka mtaani. Katika miaka ya 1970, Lubumbashi ilijaa wachoraji waliouza picha kwa wafanyakazi wa migodi, makarani na walimu, watu waliotaka kutundika ukumbusho sebuleni. Turubai halisi lilikuwa ghali au halipo, lakini magunia ya pamba ya unga wa ngano yalikuwa mengi. Gunia lilifumuliwa, likawambwa kwenye fremu ya mbao, likapakwa tabaka jeupe la kuziba nyuzi, kisha likachorwa. Tshibumba Kanda-Matulu alichora hivyo mfululizo wa picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi yake, ambazo mwanaanthropolojia Johannes Fabian alizikusanya mwaka 1973 na 1974 pamoja na maelezo ya mchoraji mwenyewe kwa Kiswahili cha Shaba. Kinshasa nako Chéri Samba alianza kwa kitambaa cha magunia kwa sababu hiyohiyo ya bei. Mbali zaidi mashariki, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora juu ya vibao vya hadibodi vilivyotengenezwa kwa ajili ya dari, akitumia rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Alikuwa amefanya kazi za ujenzi, na vifaa vyake vilitoka kwenye ulimwengu huo. Rangi ya baiskeli inang'aa, haiingiani kwa urahisi na jirani yake, inataka ipakwe bapa na ikauke kabla ya nyingine kufuata. Ukiitazama picha ya Tingatinga, na ule mnyama mmoja mkubwa wenye mipaka mikali na madoadoa yaliyopangwa, unaiona tabia ya kopo la rangi ndani ya mtindo. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kuchora, lakini wanafunzi wake hawakukwama, kwa kuwa duka la vifaa vya ujenzi halikufungwa alipozikwa. Nadhani hapa ndipo penye tofauti kati yake na Lubaki. Vipaji vyao havikupishana sana. Kilichopishana ni nani aliyekuwa na ufunguo wa ghala.

Goma ina ghala lake. Mji huu uliokua kutoka kituo kidogo cha Kibelgiji kilichokabiliana na Gisenyi ya Wajerumani umejengwa juu ya lava, na volkano ya Nyiragongo imeutikisa mara kadhaa, hasa mwaka 1977, 2002 na 2021. Mwaka 2002 lava iliukata mji katikati hadi ziwani. Nyumba zilijengwa upya juu ya mwamba mweusi, na mbabula, yaani jiko la makaa, ikawashwa tena. Makala huingia mjini kutoka Masisi, Rutshuru na pande za Sake, kwenye malori, pikipiki na chukudu (baiskeli za mbao za kusukuma), magunia yamefungwa juu kwa nyasi na kamba. Biashara hiyo ina historia ya uchungu. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, ya kwanza ya aina yake Afrika, ndiyo pia akiba kubwa ya kuni iliyo jirani na mji. Mwezi Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao laki kadhaa waliingia Goma kwa siku chache, makambi yakasimama kando ya hifadhi, na msitu ukaingiwa kila siku na maelfu ya watu waliotafuta kuni za kupikia. Tangu hapo vikundi vyenye silaha vimefanya makala kuwa chanzo cha fedha. Mwezi Julai 2007 sokwe wa familia ya Rugendo walipouawa, uchunguzi uliwaelekea watu wenye masilahi katika makala. Mtu anayeshika kipande cha makala mkononi Goma ameshika historia hiyo yote, apende asipende.

Ameshika pia kifaa cha kuchorea, lakini si kila kipande. Makala ya jikoni yametengenezwa ili yawake muda mrefu. Mchomaji hupanga magogo, akayafunika nyasi na udongo, akawasha upande mmoja na kuacha moto utambae polepole kwa siku kadhaa bila hewa ya kutosha. Ndani ya tanuri hilo joto halilingani, hivyo gunia moja lina vipande vilivyoiva barabara, vilivyoungua kupita kiasi, na vile ambavyo moyo wake bado ni kahawia. Anayechagua kwa ajili ya kuchora huanza kwa sikio: kipande kilichoiva kikigongwa kingine hulia kama kigae, kibichi hutoa sauti ya mti. Kisha hukivunja. Pavunjikapo panapong'aa weusi mpaka katikati ni pazuri, panapoonyesha ukahawia patakwaruza karatasi na kuacha njia isiyo na rangi. Kipande cha mti mgumu sana, hata kikiwa kimeiva, hutoa kijivu hafifu, tena mara nyingi kina chembe za mchanga wa tanuri zinazochana karatasi. Ndiyo sababu anayechukua tu kipande chini ya sufuria na kujaribu kuchora hukata tamaa na kusema makala hayafai. Hayafai hivyo. Yakisagwa juu ya jiwe, yakachujwa kwa kitambaa na kukandwa kwa maji ya gundi ya mgunga, hutoa vijiti vyeusi tii vinavyofaa kwa vivuli vizito, na yakizidishiwa maji huwa wino.

Kwa mstari wenyewe, kijiti kizima ni bora, na hicho hutengenezwa mjini, juu ya mbabula ileile. Vijiti vilivyonyooka, unene wa penseli, huvuliwa gome na kukaushwa, kisha hupangwa vikibanana kwenye kopo la bati la maziwa ya unga. Kifuniko hutobolewa tundu moja dogo kwa msumari. Kopo likikaa juu ya moto, tundu linatoa kwanza mvuke mweupe, halafu moshi mzito, halafu gesi inayoweza kushika moto na kuwaka kama mshumaa. Ule mwali ukizimika wenyewe, kazi imekwisha ndani. Kopo huepuliwa, tundu likazibwa kwa udongo, na likaachwa lipoe kabisa, kwa maana ukilifungua likiwa moto hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu mbele ya macho yako. Cennino Cennini, fundi wa Kiitalia aliyeandika kitabu cha ufundi wa uchoraji miaka ya 1400 hivi, alieleza namna hiyohiyo: vijiti vya mti laini, chungu kipya kilichozibwa kwa udongo, na tanuri la mwoka mikate usiku kucha. Kijiti kinachouzwa leo kwenye masanduku ya Ulaya kwa jina la fusain ni ndugu wa kile cha kopo la maziwa. Mmoja anaheshimika kwa sababu ana sanduku, mwingine anadharauliwa kwa sababu ametoka jikoni, nami sioni sababu nyingine.

Pingamizi la kwanza huwa hili: kazi za vifaa vya mtaani hazidumu. Lina ukweli nusu. Magunia ya unga yameoza na kuchanika katika nyumba nyingi za Lubumbashi, na mchoro wa makala usiokingwa unafutika kwa kiganja. Lakini tutenganishe vitu. Weusi wa makaa ni kaboni, na kaboni haififii kwa mwanga kama zinavyofifia rangi nyingi za bei rahisi. Katika pango la Chauvet, Ufaransa, faru na simba waliochorwa kwa makaa ya msonobari wangali wanasomeka baada ya miaka zaidi ya 30,000. Kinachokufa ni kilichobeba makaa: karatasi ya bei ndogo inayogeuka njano na kuvunjika, gunia linaloliwa na unyevu. Na kinachopungua ni kishikizo. Hapo pia Kivu haikosi dawa. Maziwa yaliyoondolewa mafuta yana kaseini, protini inayonata, na yakichanganywa na maji na kunyunyizwa kama ukungu hulishika vumbi la makaa mahali pake. Vincent van Gogh alikuwa akikaza michoro yake kwa maziwa na maji. Nchi ya Masisi, inayolisha Goma kwa maziwa na jibini, haina haja ya kungoja kopo la dawa ya kupulizia livuke mpaka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa watu wanaoujali msitu: mchoraji akisifu makala, hasifu msumeno unaomaliza Virunga? Kwa uzito wa mizani jibu ni rahisi, maana vijiti vya kuchorea vya mwaka mzima havifiki makala ya kupikia maharage ya siku moja. Jibu hilo peke yake halinitoshi, kwa sababu swali ni la asili ya kitu, mbali na wingi wake. Sanaa inayotumia mti uliokatwa kwa bunduki inabeba bunduki hiyo. Ila hapa uchoraji una nafasi ambayo jiko halina. Mpishi anahitaji gogo, mchoraji anahitaji tawi. Matawi ya mikalitusi na migrevilea yanapogolewa kila mara kwenye mashamba ya watu, na tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala nje ya hifadhi. Umeme nao umeanza kupunguza utegemezi wa jiko: mtambo wa Matebe kwenye Mto Rutshuru, wenye megawati 13 hivi, ulizinduliwa Desemba 2015. Mchoraji anayejua kijiti chake kimetoka mti gani na shamba lipi ana haki ya kukitumia kuuonyesha msitu ulioungua, tena kwa nguvu ambayo rangi ya tyubu haiwezi kuwa nayo. Asiyejua na aulize kwa mama muuza makala, kwa sababu wauzaji hujua mzigo wao umeshuka upande gani.

Lipo pingamizi la tatu, na hili ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Linasema kwamba kusifu gunia na kopo ni kupamba dhiki, kwamba msanii wa Goma anastahili karatasi nzuri na rangi nzuri kama msanii wa Brussels, na kwamba maneno haya yatampa mfadhili kisingizio cha kutotoa kitu. Mji ambao mwezi Januari 2025 ulitekwa na waasi wa M23, benki zake zikafungwa na uwanja wake wa ndege ukafungwa, hauhitaji mtu wa kuuambia kwamba uhaba ni baraka. Nakubali. Chéri Samba mwenyewe alihamia turubai alipoweza kulimudu, na hakuna aliyemlaumu. Wala simwombi mtu aichukie karatasi ya ng'ambo. Waandishi wa misahafu wa Siyu, katika visiwa vya Lamu, walinakili kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano juu ya karatasi iliyoletwa kutoka Italia. Wino wa masizi na gundi ni ufundi wa zamani wa waandishi wa Kiislamu, na unatengenezeka nyumbani. Karatasi haikutengenezeka, basi ikanunuliwa. Mpangilio huo wa matumizi bado una akili. Fedha ikiwa chache, iende kwenye kile kitakachobeba kazi kwa miaka, yaani karatasi nzito isiyo na asidi au kitambaa kizuri, na weusi utengenezwe hapahapa. Mara nyingi hufanyika kinyume. Mwanafunzi hununua kisanduku cha vijiti vya kigeni kwa fedha yake yote, kisha akachora juu ya karatasi ya fotokopi itakayokuwa imegeuka njano kabla hajamaliza masomo.

Hata kwa mazoezi, mahali ambapo kudumu si lazima, mji una kifaa ambacho hakijapewa heshima yake. Mfuko wa saruji una matabaka ya karatasi ya kahawia, imara, yenye mkwaruzo kidogo. Goma hujengwa upya kila baada ya msiba, kwa hiyo mifuko hiyo haikosekani. Ukitupa tabaka la nje lenye maandishi na la ndani lenye vumbi, unabaki na karatasi ya rangi ya udongo ambayo makala hukaa juu yake kwa upole na chokaa nyeupe hung'aa. Wachoraji wa Ulaya wamenunua kwa karne nyingi karatasi iliyotiwa rangi kimakusudi ili wapate hali hiyohiyo, ya kuanzia katikati na kwenda kwenye giza na kwenye mwanga. Itageuka na kukakamaa kwa miaka, kweli, lakini mtoto anayejifunza kuchora mkono wa mwanadamu anahitaji karatasi mia za kuharibu kabla ya moja ya kutunza.

Vituo vya vijana kama Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, vimeonyesha kwamba Goma inaweza kufundisha sanaa bila kusubiri amani ikamilike. Kinachokosekana kwa upande wa uchoraji ni kumbukumbu ya vifaa. Tunajua kwamba Tingatinga alitumia rangi ya baiskeli kwa sababu watu waliona jambo hilo linafaa kuandikwa. Kwa picha nyingi za gunia hatujui ni gunia la kiwanda gani, lilipakwa nini kabla ya rangi, wala mchoraji alilinunua kwa nani, na mtunzaji wa makumbusho anayejaribu kuziokoa leo anafanya kazi kwa kubahatisha. Michoro inayotengenezwa Goma sasa, katika miaka hii migumu, inaweza kuepushwa na hali hiyo kwa mistari mitatu ya penseli nyuma ya karatasi: mti uliochomwa na ulikotoka, karatasi ilipatikanaje, na weusi ulikazwa kwa kitu gani.